Breki Hizi Hazilii, Zinaongea

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku kubwa. Nimenunua baiskeli. Na si baiskeli hivi hivi: baiskeli yenye breki za diski! Duara la chuma katikati ya kila gurudumu, linang'aa kama sahani ya wageni, na pedi mbili zinazolibana ukivuta mkono wa breki. Aliyeniuzia alikuwa anahama mji na alikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Nilimuuliza kwa nini anaiuza. Akasema ana mizigo mingi. Jibu la mtu mwaminifu.

Sababu ya kuinunua naiandika hapa tu. Mkuu wa chumba chetu cha prufu, tunamosoma kurasa za majaribio kusaka makosa, pale kiwandani tunapochapa vitabu vya shule na kalenda, amestaafu. Kiti kiko wazi. Mkurugenzi, mama asiyependa maneno mengi, ametangaza kwamba Jumamosi hii wafanyakazi wanaotaka watatoka naye kwa baiskeli hadi bwawani na kurudi, kwa ajili ya afya. Afya! Mimi si mtoto. Cheo hicho kitaamuliwa barabarani, na atakayekuwa anahema kando ya Mkurugenzi ndiye atakayekumbukwa.

Mpinzani ni mmoja: Tai. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku pipa la wino lilipopasuka. Anasoma prufu polepole, hapitwi na kosa, na husema "samahani" hata akigonga mlango. Mtu wa hatari sana. Baiskeli yake ni ya zamani, breki zake vipande vya mpira vinavyobana rimu, ule ukingo wa gurudumu. Namhurumia.

Kuna jambo moja dogo. Nilipofika getini na kufunga breki, baiskeli ilipiga ukelele. Sijui niuandikeje. Iiiiiii! Kunguru waliruka kutoka kwenye paa. Jirani wa chini, Mama Pacha, alitoa kichwa dirishani akauliza nachinja nini, maana wanawe ndiyo kwanza wamelala. Nikamwambia ni breki mpya. Akasema upya wake hauoni. Isitoshe, gurudumu likizunguka kuna sauti nyingine: shh, shh, shh, kama mtu anayetembea na kandambili moja. Mke wangu alisimama mlangoni, akasikiliza, akasema kuna kitu kinasugua. Nikamweleza kwamba breki za kisasa hazilii, zinaongea.

Akauliza zinasema nini.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimetatua! Nashangaa dunia nzima inahangaika na nini. Mlango ukilia tunautia mafuta. Cherehani ya mke wangu ikilia, anaitia mafuta. Kwa nini breki zibaguliwe? Asubuhi, yeye akiwa bafuni, nilichukua kichupa chake cha mafuta ya cherehani nikazipaka diski zote mbili, ya mbele na ya nyuma, pande zote, kwa ukarimu. Nikazungusha gurudumu. Kimya. Nikatoka getini kama malaika. Mama Pacha alikuwa dirishani ananisubiri kwa ugomvi. Nikampungia mkono. Akafunga dirisha.

Nikaimba njia nzima.

Barabara ya kuingia kiwandani inateremka. Sijawahi kuliona hilo kwa miaka yote niliyofanya kazi pale. Nilivuta breki ya mbele: hakuna. Nikavuta ya nyuma: hakuna. Nikavuta zote mbili na kusema maneno nisiyoweza kuyaandika: hakuna! Mlinzi aliruka. Mkurugenzi alikuwa amesimama uani na mteja wa kalenda. Nilipita mbele yao nikiwa nimeinua mkono kusalimia, na nadhani heshima hiyo ilionekana. Kisha nikaingia kichwa kwanza kwenye lundo la vipande vya karatasi vinavyosubiri kutupwa.

Aliyenivuta miguu kunitoa ni Tai. Aliniuliza kama nimeumia, kwa upole unaochoma. Akaanza kunitoa vipande vya karatasi kichwani. Kimoja akakisoma, akasema samahani, hapa pana herufi imerukwa. Mkurugenzi aliniuliza kama Jumamosi bado nakuja. Nikasema nilikuwa najaribu kasi tu. Akasema ameiona.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimekwenda kwa fundi baiskeli wa kona ya pili. Akagusa diski kwa kidole, akakinusa, akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Akasema breki kazi yake ni kukwaruzana, mimi nimeziondolea kazi. Pedi zimenywa mafuta, basi tena. Diski zisafishwe kwa spiriti na kitambaa safi, pedi zitupwe, mpya zitamfikia Ijumaa. Na kuhusu ile shh shh, akasema kibanio, yaani kile chuma kinachoshika pedi, hakijakaa katikati ya diski. Akipata nafasi atakiweka sawa.

Maelezo mepesi mno. Fundi anayesema tupa nunua, huyo ana pedi za kuuza. Nikamshukuru nikaondoka.

Nikafikiri mwenyewe. Mafuta yameingia kwenye pedi. Mafuta hutokaje kwenye kitu? Kwa moto. Mke wangu alikuwa amekwenda kumpelekea mteja gauni. Nikachomoa pedi zote nne, nikawasha jiko, nikaziweka kwenye kikaango chake kizuri, kile kisichoshika chakula. Kwanza zilitoa harufu. Kisha zikatoa moshi. Kisha moshi ukatoa rangi ambayo sijaiona hata kwenye mashine zetu za kuchapia. Mama Pacha alipanda ngazi na watoto wake kwapani, huyu huku na huyu huku, akauliza kama tuhame. Nikamwambia napika. Akatazama ndani ya kikaango. Akasema anampa pole mke wangu, akashuka.

Mke wangu alirudi akiwa na furaha, mteja amesifu mshono. Furaha iliishia mlangoni. Hakupiga kelele. Alikiosha kikaango mara ya kwanza, akakinusa. Akakiosha tena, akakinusa. Halafu akakiweka mezani mbele yangu, akakaa, akaniambia, "Hiki sasa ni chako. Kila utakachokula nyumba hii, utakula humo."

Yai la jioni lilikuwa na ladha ya gereji.

Lakini breki zinashika! Nimezijaribu uani. Zinashika, ila ule ukelele umerudi na wenzake. Zamani ilikuwa iiii. Sasa ni iiii yenye mngurumo chini yake, kama lori linalobishana na filimbi. Pacha waliamka wote wawili. Cha ajabu hawakulia. Mama Pacha ananiambia wameanza kuuigiza. Mmoja anatoa iiii, mwenzake ananguruma.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Leo niliamua kushughulikia ile shh shh. Kibanio hakijakaa katikati? Vizuri. Mimi nimesoma, nina macho, nitakiona. Niligeuza baiskeli miguu juu, nikalala chini, nikachungulia dhidi ya mwanga. Ni kweli: upande mmoja wa diski kuna nafasi kama unene wa kadi, upande wa pili hakuna kitu. Nikavutiwa sana. Nikatoa gurudumu zima nipate kuona vizuri. Nikiwa nashangaa jinsi mtu anavyoweza kujifunza mwenyewe, mkono wangu ukavuta breki. Sijui kwa nini. Nadhani ulikuwa unafurahi.

Pedi zikafumba. Zikafumba kama mdomo wa mtoto aliyeona kijiko cha dawa. Gurudumu halikuingia tena kwa lolote.

Ikabidi nizipanue. Mwiko wa mbao wa mke wangu ulikuwa mpana mno. Nikatumia mpini wake. Ulivunjika, lakini pedi zilifunguka kidogo na gurudumu likaingia. Sasa diski ikawa inagusa pande zote mbili. Nikahisi imepinda, basi nikaishika kwa koleo nikainyoosha. Ilikuwa haijapinda. Sasa imepinda.

Mke wangu alinikuta nimekaa sakafuni nimeshika vipande vya mwiko. Aliniuliza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo naiogopa kuliko ya juu, hiki cheo ninakitaka kwa nini. Nikasema ili tuishi vizuri. Akaangalia mwiko. Akaangalia kikaango. Akasema tulikuwa tunaishi vizuri hadi Jumapili.

Hilo lilinigusa. Mke wangu ana macho yanayoshona usiku na mchana, na ni kweli nilitaka siku moja nirudi nyumbani nimwambie, sasa pumzisha macho kidogo, mimi nimepanda. Sikumwambia. Nilimwahidi tu kwamba kesho breki hazitapiga kelele hapa.

Na hapo hapo, nikiwa bado nimeguswa, nikapata wazo!

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nina akili ambayo wakati mwingine inanitisha.

Nilimfuata Tai chumba cha prufu nikiwa na uso wa mtu mwenye wasiwasi. Nikamwambia sikulala vizuri nikifikiria mteremko wa bwawani na breki zake za mpira. Nikamwambia yeye ni baba wa watoto. Nikamwambia kwa moyo wa udugu niko tayari kumwazima baiskeli yangu ya diski kwa safari ya kesho, mimi nichukue hatari ya ile yake. Nilitegemea akatae mara mbili tatu kwa adabu. Alikubali mara moja! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema hakujua kama namfikiria hivyo. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Niliona haya kidogo, ikapita.

Kesho, basi: Mkurugenzi anapanda baiskeli kwa utulivu, mimi kando yake kwa utulivu, na nyuma yetu Tai anapiga iiii na kunguruma, amelowa jasho kwa ile diski iliyopinda. Nani atamkabidhi chumba cha kimya mtu wa namna hiyo?

Tulibadilishana getini saa ya kutoka. Alisimama akinieleza mambo ya baiskeli yake, maelezo marefu, kuhusu mvua na rimu na kuanza kubana mapema. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshafika kesho.

Nimerudi nyumbani kimya kabisa. Mke wangu alinipongeza. Mama Pacha alinipongeza. Pacha walikuwa dirishani wananisubiri, na nilipopita bila sauti wakaangua kilio, na hadi naandika haya hawajanyamaza. Mama Pacha ameomba kama naweza kupiga ile breki mara moja tu, walale.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Msomaji, kama yupo, anisamehe.

Asubuhi tulikusanyika uani kiwandani. Mkurugenzi kwenye kofia ngumu ya njano. Wa mashine, wa jalada, mhasibu. Mimi mbele kabisa. Nikasubiri ukelele utokee kwenye mteremko wa kuingilia. Nikajiandaa kusikitika.

Tai alikuja kimya.

Kimya! Aliteremka, akavuta breki kwa vidole viwili, baiskeli yangu ikasimama kama imeambiwa. Haikulia. Haikusugua. Hata haikupumua. Nikamwuliza, kwa sauti niliyoitafuta mbali, ameifanya nini. Akasema samahani, aliona diski imepinda kidogo na pedi zina mafuta, akaona si vizuri kuazimwa kitu na kumrudishia mwenyewe kikiwa hivyo. Alipita kwa fundi akachukua pedi mpya, wakanyoosha diski kidogo kidogo, akazisafisha kwa spiriti. Kisha akalegeza skrubu mbili za kibanio, akavuta breki ili kijikalie chenyewe katikati, akazikaza akiwa bado ameishika. Basi. Mkurugenzi alikuwa amesimama anasikiliza. Aliniuliza kama mambo hayo niliyajua. Nikasema kwa juu juu.

Nikasema bado. Bado niko mbele. Nilimfikia Mkurugenzi kwenye tambarare nikaenda naye bega kwa bega. Nikamwambia maoni yangu kuhusu chumba cha prufu. Nikamwambia ninavyoona mbali. Aliitikia, "Mm." Nikachukulia kama ahadi.

Kisha ikanyesha. Si sana, manyunyu tu. Tulikuwa tumefika juu ya mteremko wa bwawa. Tai alipaza sauti kutoka nyuma:

"Ndugu yangu, anza kuzibana sasa hivi! Zikilowa hazishiki mara moja!"

Nikaona anataka kunichelewesha. Nikakanyaga.

Mpira uliolowa juu ya rimu iliyolowa. Sikujua kwamba kuna kitu kinachoteleza kuliko mafuta ya cherehani. Nilimpita Mkurugenzi. Nilimpita kwa mbali sana. Nikasikia anaita jina langu, kisha anamwita Mungu. Chini kabisa barabara inakata kulia kuingia darajani, na darajani alikuwapo mama mmoja na mbuzi wake, wamesimama katikati, wananitazama. Daraja lilikuwa na nafasi ya mbuzi au nafasi yangu, si ya wote. Sikuwaza hata kidogo. Nilikata kushoto, nikapaa juu ya mfereji, nikatua kwenye shamba la maboga.

Kwa muda niliona mbingu tu na boga moja.

Wa kwanza kunifikia ni Tai, kwa zile breki zangu. Aliiacha baiskeli barabarani akaruka mfereji na viatu vyake safi. Kiwiko changu kilikuwa kinavuja damu na mkono haukunyooka. Alinitazama, akaangalia huku na huku, kisha akafanya kitu ambacho kiwanda kizima kitakisimulia hadi tuzeeke. Alifungua tai. Akaivua. Akaufunga mkono wangu kwa ile tai, akaikaza taratibu, akisema samahani kila nilipoguna. Wa mashine alisimama mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa amewahi kuiona shingo yake. Ni shingo ya kawaida tu, nyembamba, na nilipoitazama kwa karibu nikaona inatetemeka. Alikuwa ameogopa. Kwa ajili yangu.

Nikamwambia asante. Ilitoka bila mpango wowote nyuma yake.

Mkurugenzi alifika anahema. Alihakikisha napumua. Akazungumza na mwenye maboga. Kisha, akiwa amesimama pale matopeni, akasema Jumatatu Tai anaanza kuongoza chumba cha prufu, mambo yasiendelee kuumiza watu. Tai akasema samahani, basi angeomba mimi nishike kalenda zote, kwa kuwa nina mawazo mengi. Mkurugenzi alinitazama nilipokaa kati ya majani. Akasema kalenda, sawa, zina maneno machache.

Mke wangu alikuja mbio zahanati waliponipeleka, ameshasimuliwa yote, sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi. Hakusema lolote kuhusu kikaango. Aliniuliza tu kama mbuzi wamepona. Nikasema wote. Akakaa kitandani, akanishika ule mkono mzima, akacheka hadi akafuta machozi, na sehemu ya machozi hayo sidhani yalikuwa ya kicheko.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kiwiko hakijavunjika, kimetenguka tu. Nimefungwa vizuri. Nimepumzishwa.

Nimetumia asubuhi kutafakari, na nimeyaona makosa. Kosa la kwanza ni mvua. Kosa la pili ni mbuzi. Kosa la tatu ni Tai kutonieleza mambo kwa kifupi.

Alikuja kunijulia hali. Ana tai nyingine. Ameniletea machungwa na baiskeli yangu, ameifuta hadi spoki. Alichuchumaa uani akanionyesha tena kila kitu: skrubu hizi mbili, vuta hivi, kaza hivi, usiguse diski kwa vidole, usivute breki gurudumu likiwa nje. Mke wangu alikuwa anauliza maswali mazuri. Mimi nilikuwa natazama jinsi jua linavyopiga kwenye fremu. Tai akasema sasa baiskeli iko sawa kabisa, haihitaji kitu. Alirudia hilo mlangoni wakati anaaga, akinitazama machoni. Haihitaji kitu.

Mke wangu ameizungusha uani mara kadhaa, amefika hadi barabarani na kurudi akiwa anacheka kama msichana. Haikutoa hata mlio. Anasema wiki ijayo ataitumia kupeleka nguo kwa wateja, asichoke kutembea. Nimefurahi kweli. Ikanijia kwamba hiyo peke yake inatosha, cheo kikae huko.

Ameingia ndani kulala kidogo. Mimi nimebaki uani na kiti changu.

Nyuma, kwenye kile chuma kinachohamisha mnyororo kati ya gia, kuna skrubu mbili ndogo, zimekaa bega kwa bega. Sikuwahi kuziona. Tai hakuzitaja, na Tai hutaja kila kitu. Maana yake hazijui. Zimeandikwa herufi moja moja, kama mtu aliyetaka kusema jambo akanyamaza. Nimejaribu ya kwanza kwa kucha: haikukubali. Bisibisi iko pale pale kwenye kisanduku cha cherehani. Kwa kazi kama hii mkono mmoja unatosha.

Imezunguka laini ajabu. Nimeizungusha nusu. Kisha nusu nyingine, zilingane. Kisha ile ya pili, isione wivu.

Mke wangu ameamka, anaita kutoka chumbani, anauliza nafanya nini huko nje.

Nimemjibu sifanyi kitu.